Mzee wa Fomu na Ile Pensheni Yangu

Mwanzo wa habari hii nimeuandika mara tatu na kuuchana. Mimi si mwandishi. Niliishia darasa la saba, na daftari hili huwa naandikia mambo ya kazi tu: nani kalipa, nani kabadilisha kufuli, nani kanunua mbwa. Lakini kuna mtu anasemwa vibaya hapa Thornton Heath, kusini mwa London. Inasemwa alinipotezea pesa za urithi wa mama yangu, na anayeujua ukweli wote ni mimi. Kwa hiyo nitamwandika kama nilivyomjua, mazuri na mabaya kwa kipimo kimoja, nikiweza. Leo nimechoka, magoti yanawaka moto, na nikichoka ama nakuwa mkali mno ama mpole mno. Sijui leo ni lipi.

Tulimwita Mzee wa Fomu. Hata watoto wetu, ambao ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza, jina hilo walilitamka lilivyo. Alikaa nyuma ya saluni ya kusuka, katikati ya sinki la kuoshea nywele na mashine ya kukaushia, kwenye meza ya kukunja ambayo mguu wake mmoja ulishikiliwa na kitabu cha simu cha zamani. Kila Jumamosi. Mwezi wa kwanza, ambapo fomu za kodi zinafungwa, alikaa kila siku, na foleni ilifika mpaka kwenye viti vya wanaosukwa. Kuna dada mmoja aliwahi kusukwa rasta kichwa kizima akatoka, na mimi niliyemtangulia kuingia bado nangoja.

Wateja wake tulikuwa watu wa kujiajiri. Wasafishaji wa majumbani, madereva wa teksi, wapishi wa maharusi, wasusi wenyewe. Mtu aliyeajiriwa, bosi wake anamkata kodi na kumwekea pensheni, yeye halijui hata hilo. Sisi hatuna bosi. Kila mwaka unajaza mwenyewe: umeingiza kiasi gani, umetumia kiasi gani kwenye kazi, kilichobaki ndiyo faida yako, na serikali inakutoza kodi kwenye hiyo faida. Ndiyo maana alituita wote Mkurugenzi.

“Karibu, Mkurugenzi. Kampuni imeamkaje?”

“Kampuni ina mafua, Mzee.”

“Mafua hayakatwi kwenye kodi. Leta risiti.”

Risiti tulimpelekea kwenye mifuko ya sokoni, na mimi zangu nilikuwa nazifunga kwenye kanga. Hakugusa karatasi hata moja. Ulitakiwa uzitoe mwenyewe, mojamoja, na usome kwa sauti: nini, tarehe, bei. Yeye anaandika kwa penseli. Nilimchukia kwa jambo hilo miaka miwili ya kwanza, kwa sababu mimi kusoma Kiingereza mbele za watu ni kama kuvuliwa nguo. Siku moja nikamwambia, Mzee, si usome wewe, mimi macho yananisumbua. Akaniangalia juu ya miwani. “Macho yako yaliona vumbi juu ya kabati la mzungu wako. Soma.” Saluni nzima ilicheka. Nililia kwenye basi. Lakini leo barua ya serikali ikija naifungua mwenyewe na kuisoma mwenyewe, na hilo sikufundishwa na mtu mwingine. Naliandika hapa ili mizani isiegemee.

Alikuwa bingwa wa kupunguza faida. Sabuni, ndoo, glovu, nauli ya kutoka nyumba moja kwenda nyingine, sehemu ya bili ya simu, yote alikuwa anajua yanaingia wapi. Kauli yake ilikuwa, “Tuandike ukweli, halafu tuupunguze kwa sheria.” Ukitaka kuupunguza nje ya sheria, hapo ungemjua. Dereva mmoja Mkongo, mtu wa maneno mengi, alimletea risiti ya viatu vya ngozi.

“Mzee, hivi munaweza kukata? Njo viatu navalia kazi.”

“Kwenye teksi unakanyagia nini, breki au zulia la harusi?”

“Breki, Mzee. Lakini breki inapenda heshima.”

“Basi iheshimu kwa pesa zako. Lingine.”

Na uaminifu wake huo ulikuwa unafika mahali pa kuchekesha. Malipo yake yalikuwa pauni kumi. Asiye na kumi alileta chakula. Basi kile chakula alikuwa anakiandika kwenye daftari lake kama mapato, na bei. Pilau na kuku robo, pauni tano. Chapati nne, pauni mbili. Nilimuuliza kama ana akili timamu, nani atakuja kumuuliza habari za chapati. Akasema, “Nimelipwa. Kulipwa ni kulipwa, hata ukikila.” Msusi mmoja alikuwa anamtania kwamba serikali ikitaka kodi yake itabidi imtapishe.

Sasa mabaya. Alikuwa na kiburi. Hakupenda kuulizwa mara mbili. Mwenzangu Mama Bahati, ambaye naye ni msafishaji, alipoteza risiti za miezi mitatu na Mzee alimfokea mpaka machozi, mbele ya watu, kisha akakataa pauni kumi yake kana kwamba hilo lingefuta. Halafu alikuwa hampeleki mtu kwa mhasibu mwenye cheti. Ni kweli alisema kila mara, “Mimi sio mhasibu, mimi nasoma tu.” Lakini alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua kuwa hakuna aliyesoma kuliko yeye. Sisi tukaamini ile sauti, maneno tukayaacha. Kosa hilo nalo tugawane.

Na kulikuwa na hili la pensheni. Ukimaliza fomu, penseli ikiwekwa chini, mahubiri yanaanza. “Mkurugenzi, kampuni hii ni magoti yako mawili. Yakifungwa, hakuna tawi jingine.” Akaeleza kwamba ukiweka pauni themanini kwenye pensheni yako, serikali inaongeza ishirini inakuwa mia. Na kwamba ikishaingia haitoki mpaka umri ufike. Sehemu hiyo ndiyo iliyonishika mimi, si ile ya ishirini. Mimi nina ndugu wengi na simu yangu inalia. Pesa ambayo siwezi kuitoa hata nikililiwa, hiyo kwangu ilikuwa habari njema.

“Na wewe Mzee umeweka kiasi gani?” nilimuuliza mara moja.

“Mimi faida yangu yote nimekula na pilipili,” akasema, akafunga daftari. Hakuwa ameweka kitu. Mtu aliyewahimiza watu wote wale! Nilimwona mnafiki. Siku hizi namwona mtu wa kawaida.

Nifike pale panaponiuma.

Mama yangu aliugua Tanga. Nilikwenda kumuuguza, nikamzika, nikakaa matanga, na mambo ya nyumba yakanishika. Miezi mitano na wiki moja. Hapa London msafishaji akiondoka muda huo, wateja wanatafuta mwingine, ukirudi huna kazi. Kwa hiyo sisi tunashikiana. Mama Bahati alinishikia nyumba zangu zote. Wateja waliendelea kulipa kwenye akaunti yangu kama kawaida, wengine hata hawakujua kuwa anayesafisha si mimi, na mimi nikawa nazituma zote kwake, senti kwa senti. Ndivyo inavyofanyika. Ukimshikia mtu, jasho ni lako, jina ni lake. Mwaka mwingine anakushikia wewe.

Nikarudi. Mwezi wa pili nyumba ya mama ikauzwa, fungu langu likaja: pauni elfu kumi na moja. Maishani nilikuwa sijawahi kushika pesa nyingi hivyo. Nilikuwa na miaka sitini na moja na magoti haya haya. Nikaenda kwa Mzee wa Fomu siku hiyo hiyo, sikumwambia hata mwanangu Rehema.

“Zote?” aliuliza.

“Zote. Kabla simu haijalia.”

Akacheka kidogo, halafu akawa makini. Akanieleza kwamba pensheni ina kikomo. Kwa mtu wa kujiajiri, kiasi anachoweza kuweka kwa mwaka na kupata nyongeza ya serikali hakizidi faida yake ya mwaka huo. Pesa ya urithi haihesabiki, wala kodi ya kupangisha nyumba, wala zawadi. Ni faida ya kazi tu. Na kikomo hicho ni pamoja na ile nyongeza. Elfu kumi na moja yangu ikiongezwa ya serikali inafika elfu kumi na tatu mia saba na hamsini. “Kwa hiyo faida yako lazima ifike hapo,” akasema. Akaomba karatasi za benki. Nikasoma kwa sauti, mwezi kwa mwezi, yeye penseli. Mapato karibu elfu kumi na sita na mia mbili. Akatoa sabuni na nauli, ikabaki kumi na tatu mia tisa.

“Imeingia kama kifuniko kwenye sufuria,” akasema. Alifurahi kweli. Mimi pia. Nikaweka zote kabla mwaka wa kodi haujaisha, mwezi wa nne.

Hakuna aliyekumbuka kushikiwa. Nimelifikiria sana hili na naandika kwa haki: yeye alijua nilisafiri, aliniletea rambirambi ya mkono. Mimi nilijua kuwa elfu saba katika zile zimekwenda kwa Mama Bahati. Nilisoma kwa sauti zilizoingia. Zilizotoka hakuniuliza, na mimi sikuzitaja, kwa sababu kichwani mwangu hazikuwa zangu kuanzia mwanzo. Ungeniambia ni gharama ya kazi ningeshangaa. Ile ni heshima tu baina ya watu.

Mwezi wa kwanza uliofuata nikaenda na kanga yangu ya risiti kujaza fomu ya mwaka ule. Nikasoma, nikasoma. Nikataka atie na nauli ya ndege. “Ulikwenda Tanga kusafisha?” akaniuliza, akaendelea. Halafu Mama Bahati, ambaye alikuwa nyuma yangu kwenye foleni, akasema, “Mzee, na zile nilizopokea kwake nilipomshikia, kwangu unaandika mapato, si ndiyo?”

Penseli ikasimama. Akasema, “Zipi?”

Akatoa elfu saba kutoka kwenye kumi na tatu mia tisa. Ikabaki sita mia tisa. Hakufoka. Ningependa angefoka. Alivua miwani akasema, polepole, “Mkurugenzi, nimekosea. Faida yako ni nusu ya niliyoidhania, na pensheni yako imezidi dari, kile kikomo nilichokueleza.”

Alikaa siku mbili anasoma. Aliniita Jumatatu, saluni imefungwa, tukasimama nje kwenye baridi. Alikuwa amepata kanuni kwamba mtu anaweza kubeba nafasi ambayo hakuitumia miaka mitatu ya nyuma, akanieleza kwa matumaini, halafu yeye mwenyewe akaivunja. “Inabeba dari kubwa, ya watu wenye pesa nyingi. Hii ndogo ya faida yako haibebeki. Kila mwaka inaanza upya. Miaka yote niliyokupunguzia faida, nilikuwa napunguza na nafasi hii.” Nikamwona amezeeka. Aliandika barua mwenyewe kwa watu wa pensheni, akasafiri nami mpaka ofisini kwao, akaomba nirudishiwe kilichozidi, na serikali ichukue nyongeza yake iliyozidi. Hakulala kwenye hili, lazima niseme.

Zilirudi. Wiki sita, na pauni elfu tano mia nne na themanini zikaingia kwenye akaunti yangu, kamili. Mwaka mpya wa kodi ulikuwa unaanza, ningeweza kuziweka tena zote kwenye pensheni, dari ingekuwa imenipa nafasi. Alishaniambia hivyo. “Zikifika tu, njoo.”

Simu ililia kwanza. Ada ya mtoto wa dada. Bati la kaka. Mjomba amelazwa. Halafu ada ya mtoto wa pili, kwani wa kwanza kalipiwa. Sikulazimishwa na mtu. Nilituma kwa mkono wangu, na kila nikituma nilisikia utamu, nisiseme uongo. Kufikia mwezi wa tano zilikuwa zimebaki mia mbili na kitu.

Mzee aliniona saluni nikimsindikiza mtoto wa jirani kusukwa. Akaniuliza, “Vipi, wamekurudishia?”

Nikasema, “Aa, Mzee. Watu hawa si unawajua.”

Ni hayo tu niliyosema. Sikusema wamekataa. Lakini niliuona uso wake ukilielewa hivyo, na nikaacha. Nilikuwa na aibu ya zile pesa, na hapa palikuwa na mtu aliyekwisha kusema mwenyewe kuwa amekosea. Ilikuwa rahisi.

Msusi aliyekuwa karibu alisikia. Ikazunguka. Mzee wa Fomu kampotezea Mama Rehema urithi wa mama yake. Kanisani wakaniuliza, nikatikisa kichwa kama mtu asiyependa kulisema. Mama Bahati akaacha kwenda kwake, na yule dereva Mkongo akaenda kwa mhasibu wa Croydon mwenye kiyoyozi. Mwezi wa kwanza uliofuata foleni haikufika hata kwenye viti. Mimi nilikwenda. Alinijazia, hakuchukua pauni kumi, hakuhubiri. Mwaka baada ya hapo meza haikuwepo. Mwenye saluni alisema Mzee kahamia Hounslow, upande mwingine wa jiji, kwa binti yake, amesema yeye hawezi tena kushika maisha ya watu.

Miaka ikapita hivyo. Sikumpigia.

Mwezi uliopita nimepanda tramu Croydon, mchana, nakwenda kwenye ofisi ya daktari wa meno ninayoisafisha. Namwona amekaa kiti cha wazee, kofia ya sufu, mfuko wa dawa mapajani. Mwili umepungua. Nilitamani kuteremka. Akaniona.

“Mkurugenzi.”

“Shikamoo, Mzee.”

“Marahaba. Kaa hapa, pana nafasi. Kampuni imeamkaje?”

Nikakaa. Akaniambia amekuja hospitali ya macho, binti yake yuko kazini uwanja wa ndege, amempa ruhusa ya kupanda tramu peke yake kama mtoto. Tukacheka. Halafu akaangalia ndoo yangu ndogo ya vitambaa niliyoiweka miguuni. Akaiangalia muda mrefu.

“Bado hujaacha,” akasema.

“Bado.”

“Una miaka mingapi sasa?”

“Sitini na sita.”

“Ungekuwa umeacha,” akasema. “Lile kosa langu. Huwa naamka nalo.”

Tramu ilikuwa imejaa, mtoto analia kwa nyuma. Nikasema, nikiangalia vitambaa, kwa sababu yeye sikuweza kumwangalia. Nikamwambia zilirudi. Zote, zile zilizozidi, wiki sita tu. Nikamwambia nilizituma nyumbani, ada na bati na hospitali. Nikamwambia siku ile saluni nilijua ameelewa vipi, nikamwacha aelewe hivyo, na watu pia nikawaacha.

Akauweka sawa mfuko wa dawa mapajani. Nilidhani hajasikia.

“Zilirudi kamili?” akauliza.

“Kamili, Mzee. Elfu tano mia nne na themanini.”

Akatikisa kichwa, kama zamani akihakikisha jumla. “Basi ile barua niliiandika vizuri.”

“Uliiandika vizuri.”

“Mimi nilidhani ni barua. Nilidhani Kiingereza changu hakikutosha.” Akafuta macho kwa kitambaa, ila alikuwa ametiwa dawa ya macho hospitali na sitaki kuandika nisilolijua. “Kumi na tisa,” akasema. “Miaka kumi na tisa nilikaa pale kwenye sinki. Nikaacha kwa sababu yako. Kumbe niliacha bure.”

Nikasema nisamehe. Nikasema nitawaambia, kanisani, saluni, Mama Bahati, wote. Akatazama nje kuona tumefika kituo gani. Tramu ikapunguza mwendo.

“Hapa si ndipo unapoteremka?” akasema. “Daktari wako wa meno.”

“Naweza kukusindikiza, Mzee. Nitawapigia nimechelewa.”

“Wewe ni kampuni, usichelewe. Teremka.”

Nikachukua ndoo nikateremka. Milango ikafungwa. Nilingoja ageuke dirishani, hakugeuka. Alikuwa ameangalia mbele, midomo inachezacheza, kama mtu anayejisomea kitu kwa sauti ndogo.

Jumapili hii kanisani nitasimama baada ya matangazo na kusema. Nimeyaandika hapa kwanza ili nisije nikayapunguza.